Macho Yangu, Salma, Umeyabeba Wewe

Salma wangu,

Salamu hii usiipungie mkono, utafuta hina ya watu. Mwambie mama'ko akushikie karatasi, mwenyewe aangalie pembeni, nawe usome kimoyomoyo. Humo ndani leo mna masikio mengi kuliko vichwa.

Nakuandikia alasiri hii nikiwa bandani, nimekalia majamvi ya kuanikia karafuu, maana nyumbani kwangu nimefukuzwa. Wanawake wa Vitongoji nzima wamejaa ndani, na kila nikichungulia naambiwa, "Faki, rudi, huku si kwako." Nyumba niliyoiezeka bati mwenyewe kwa siku moja, bila fundi, leo si kwangu! Basi nimechomoa karatasi za katikati kwenye daftari la mdogo wako. Kesho mwalimu akiuliza, atajua mwenyewe la kujibu.

Mie shule iliniachia kidato cha pili. Mtihani ulinikataa, nami nikaukataa, tukaachana kwa wema. Lakini hati yangu unaiona ilivyo, haina mfano hapa kijijini.

Sikuandikii mambo ya jikoni wala ya chumbani. Hayo anayo somo wako, kungwi wako, na ninavyomjua keshakufunza mpaka yasiyokuwepo. Wala sitakwambia uamke mapema, wewe ndiye uliyekuwa ukiniamsha mie. Nina neno moja tu. Nimelificha tangu utoto wangu, na miaka tisa hii limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho Hamad atakaa mbele yangu barazani, nimpe mkono, nimuozeshe wewe. Kabla ya mkono huo, neno hili lazima litoke mbele ya watu. Na mie Faki, niliyepanda mkarafuu wenye nyigu kwa kushindana tu, neno hili naliogopa.

Baba'ko haoni rangi.

Haya, cheka, ila pole pole. Bluu ya bahari naiona, njano ya ndizi naiona vizuri kuliko wewe. Nyekundu na kijani ndizo zilizonikataa. Kwangu mie zote mbili zina sura moja, kama ya majani yaliyokauka. Nyanya mbichi na nyanya mbivu ni mapacha, na mama yao mwenyewe hawatofautishi.

Sasa umekumbuka, sivyo? Ulikuwa na miaka minne mitano, nakubeba sokoni nakuuliza, "Haya Salma, baba anakupima akili. Nyanya ipi mbivu?" Nawe unaonyesha kwa kidole, nami nanunua hiyo hiyo. Watu wakanisifu, Faki huyo anamfundisha mwanawe angali mdogo. Mwanafunzi nilikuwa mie! Siku uliyokuwa na homa nilirudi na nyanya mbichi kilo nzima, nikamwambia mama'ko nimezitaka hivyo, za achari.

Utauliza, ilikuwaje basi nikawa mchumaji wa kwanza Vitongoji? Na nilikuwa wa kwanza, hilo halina mjadala, ulizia popote. Karafuu unaijua, inachumwa ikianza kuuacha ukijani na kushika wekundu, kabla ua halijafunguka. Nilipokuwa mdogo nilichuma karibu na shangazi yako Mize. Yeye anachuma matawi ya chini, nami juu yake naangalia mkono wake unakwenda wapi. Baadaye vidole vyangu vikajifunza. Karafuu changa imechongoka na shingo yake nyembamba. Iliyokomaa kichwa kimevimba, ukiibana inakujibu. Nilikuwa nikichuma macho nayapeleka kwingine, naimba, natania watu chini, na pakacha langu linajaa karafuu safi. Walisema Faki anachuma kwa madaha. Wangejua!

Sasa nikupeleke siku yenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na ulikuwepo, lakini ulikwenda kuchota maji, hukuona. Nilikuwa nimekodi mikarafuu kumi na miwili, nina wachumaji wanane, na msimamizi ni mie. Mize akaniletea mwanawe Hamad, ana miaka kumi na mitano, mrefu kama mlingoti. "Mjomba wake ni wewe," akaniambia, "mfundishe kazi." Hamad akapanda. Adhuhuri akashuka na pakacha limefurika, anacheka peke yake. Mimi nikaliangalia na kumwambia, "Umeweza, mpwa wangu."

Mzee mmoja aliyekuwa jamvini akichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, akatia mkono ndani ya pakacha. "Faki," akasema, "mpwao katuchumia mbichi tupu. Wewe umeangalia nini?"

Umesikia swali hilo? Niliangalia nini! Niliona karafuu, kama Hamad alivyoona karafuu. Nikatia vidole haraka, vikaniambia mzee kasema kweli. Watu wote wananitazama. Basi nikalinyanyua pakacha nikalimwaga lote jamvini.

"Hamad! Macho umeyavaa ya mapambo?"

"Mjomba, nimechuma zilizoiva."

"Hizi zimeiva? Basi na mie ni Mzungu!"

Watu wakacheka. Yeye akainama, akaokota mbili, akazitazama, akanitazama mie.

"Mjomba, mie naziona sawa zote."

Salma, maneno yale nilikuwa nayajua. Yalikuwa yangu, nilikuwa nayo tumboni tangu chuo cha Kurani. Ningemshika mkono, nikampeleka nyuma ya mti, nikamwambia, "Fumba macho, bana hii, sasa bana na hii." Dakika tano zingetosha. Dawa yake nilikuwa nayo hapa kwenye ncha za vidole, na hapakuwa na mtu mwingine kisiwani aliyekuwa nayo. Lakini ningemfundisha, wangeniuliza nilijuaje. Basi nikasema, "Kama sawa zote, nenda kachume magugu, nayo ni sawa zote!"

Kicheko kile mpaka leo nakisikia. Na nilikichochea mwenyewe, mie bingwa wa mzaha.

Hamad hakulia. Aliliweka pakacha tupu kwa heshima, akasema, "Haya, mjomba," akaondoka. Mize hakunisemesha mwaka mzima. Alimpeleka mwanawe Konde kwa jamaa za baba yake, akajifunze useremala, na wewe ukawa unaniuliza kwa nini Hamad haji Idi. Nikawa nakujibu, mvivu yule, hapendi jua.

Miaka mitatu ikapita. Kijiti kikanichoma jicho, mama'ko akanipeleka Chake Chake hospitali. Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo, nikajua leo nimepata wa kutania. Alipokwisha kunisafisha akafungua kitabu chenye madoadoa. "Baba, soma namba."

"Binti," nikamwambia, "hapa hapana namba. Mmechapishiwa vibaya, kirudisheni dukani."

Mama'ko yuko kando, mpole kama unavyomjua. "Mume wangu," akasema, "namba ipo. Kubwa hivyo."

Akafunua ukurasa wa pili, sioni. Wa tatu, sioni. Nikasema labda ni hili jicho lililochomwa. Akaniziba hilo, nikatazama kwa jingine, madoa matupu. Mama'ko akaanza kucheka akijiziba na kanga, mpaka akatoka machozi. "Ndiyo maana!" anasema. "Zile nyanya za achari! Ndiyo maana!"

Daktari hakucheka. Akaniuliza nina ndugu, watoto wangu ni wangapi, babu mzaa mama alikuwaje. Nikamsimulia babu yangu wa Micheweni aliyekwenda msibani na kikoi chekundu cha kung'ara, akadhani ni kile cha hudhurungi. Watu wakasema kafurahia kifo cha jirani. Kumbe maskini alikuwa na macho yangu. Au tuseme mie nina yake.

Sasa sikiliza alivyonieleza, maana alitumia kanga ya mama'ko na hata mie wa kidato cha pili nilielewa. Mwanamke, alisema, huzaliwa na doti nzima, pande mbili za kanga. Mwanaume huzaliwa na upande mmoja tu, na badala ya wa pili kapewa kitambaa kidogo cha kufutia jasho. Uwezo wa kuona nyekundu na kijani umeandikwa kwenye kanga, kwenye kitambaa haumo. Kanga ya mwanamke ikiwa na tundu, anaifunika kwa ule upande wa pili, na hakuna atakayejua, hata mwenyewe. Mwanaume tundu lake liko nje, hana cha kulifunikia.

Kila mtoto hupata kipande kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Mama huchomoa mojawapo kati ya zake mbili, na hachagui. Baba akimpa mtoto ile kanga yake, atakuwa wa kike. Akimpa kitambaa, atakuwa wa kiume. Kwa hivyo wadogo zako wawili mie niliwapa kitambaa tu, kanga zao wamezitoa kwa mama'ko, na ndiyo maana wanaona kila rangi na kunicheka. Lakini wewe, binti yangu wa pekee, nilikuwa na kanga moja na nimekupa hiyo hiyo, na tundu lake.

Hukosi kuona, mama'ko alikufunika kwa nzima. Ila unayo. Nilipoambiwa hivyo pale nilitaka kukasirika, kisha nikaona fahari kidogo. Mwanya umeuchukua kwa bibi yako, urefu kwa mama'ko, mpaka sauti si yangu. Nikasema alhamdulillahi, kuna kitu changu kimoja anakwenda nacho. Ubishi sijui umo kwenye kanga gani, lakini huo nao ni wangu, usimsingizie mtu.

Na pale pale kwenye kile kiti nikamkumbuka Hamad. Kanga yenye tundu tuliitoa kwa mama yetu, mie na Mize. Mize kalifunika. Mwanawe kachomolewa ile yenye tundu, kama mie nilivyochomolewa. Hakuwa mvivu. Nilimvua nguo mbele ya watu kwa tundu ambalo na mie ninalo.

Bibi yako aliiaga dunia akidhani kosa ni lake. Aliwahi kumcheka kipofu mmoja akiwa na mimba yangu, basi akaamini Mungu kamwonyesha. Siku aliyogundua, nilikuwa na miaka saba. Alinituma nimletee pilipili zilizoiva, nikamletea mbichi. Akanivuta ndani akanambia, "Usimwambie mtu, watakucheka." Nikashika neno lake miaka yote hiyo. Sasa naona hayo ni mambo mawili. Macho nimezaliwa nayo, sikuyaomba wala siwezi kuyarudisha. Kuyaficha nilifundishwa. Na kilichomuumiza Hamad si macho yangu.

Usidhani nilitoka hospitali nikaenda mbio Konde kuomba radhi. Nilikaa kimya miaka sita mingine. Nilikuwa nikijiambia, kijana keshasahau. Mpaka Mize alipokuja na posa, nami nikatafuna kipande cha halua aliyoileta muda mrefu sana, nikitafuta sura ya kukaa nayo.

Juzi nikapanda pikipiki yangu nikaenda Konde. Nimemkuta karakanani, anamalizia kitanda chenu. Kazi ile, Salma, hata mie niliyeezeka bati peke yangu nilisalimu amri. Kitanda hakina msumari hata mmoja. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni kama mdaiwa. Akaendelea kupiga msasa, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Nilijua, mjomba."

"Ulijua nini?"

"Ilianza siku ile. Nilipokuwa juu ya mti nilikuona chini unavyochuma. Unatazama kuku, unamtania mtu, na vidole vinabana moja moja. Nilipofika Konde nikajaribu hivyo hivyo, nikaweza. Nikasema, kumbe mjomba naye."

"Na hukumwambia mtu? Miaka tisa?"

"Ningemwambia nani? Wewe ni mjomba wangu."

Nilikaa chini kwenye maranda. Nikamwambia nisamehe. Akasema keshanisamehe zamani, kisha akaweka msasa. "Lakini mjomba, mie umenifuata peke yangu, huku hakuna mtu. Siku ile kulikuwa na watu."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata pa kumjibu, unanijua. Nikamwambia, "Basi siku ya ndoa, mbele yao wote." Akasema, "Kama unaweza." Huyo ndiye mume wako. Ana ulimi mfupi na kumbukumbu ndefu, na siri ya mtu anaitunza kuliko mwenye siri. Nimekuwa nikitafuta kasoro yake nikutishie nayo, sijaipata.

Sasa mtazaa, inshallah, na hapa ndipo somo wako hafiki. Hamad kanga yake ina tundu, yako moja ina tundu na moja nzima. Mtoto wenu wa kiume anaweza kuona, anaweza asione, ni wewe utakayechomoa bila kujua. Wa kike, kwa baba yake tundu limo hakika. Ukimpa nzima, litafunikwa kama lako. Ukimpa yenye tundu, atavaa doti yote ya matundu na hataona kama sisi. Ndugu wakioana, alisema daktari, vilivyofichwa hukutana. Haramu si haramu, ila mtu ajue. Ndiyo maana niliwapeleka mkapime damu kwa ajili ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ukanuna siku mbili ukidhani simtaki Hamad. Yale yangekuwa mambo mazito. Majibu yamekuja salama, na haya ya macho si ugonjwa. Mtoto atakua, atakula, atasoma, na atanunua nyanya mbichi.

Na kila mimba ni kuchomoa upya. Ukizaa watatu wanaoona, wa nne hana habari na waliomtangulia. Watu watakwambia mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapo hapo watakwambia huyu hafanani na baba yake. Waache waseme. Mie nilisoma kwa daktari robo saa na nimewazidi.

Ninachokuomba ni kimoja. Siku mtoto wako akikuletea pilipili mbichi na ulimwagiza zilizoiva, usimvute ndani. Cheka naye hapo hapo uani, mbele ya majirani, kisha umlete kwangu. Nitampandisha mkarafuu nimfunge kitambaa machoni, atashuka na pakacha ambalo hawa wenye macho yao hawataliweza. Hamad atamfundisha vyema zaidi, lakini mie nitamfundisha kwa mbwembwe.

Nimesikia unacheka huko ndani sasa hivi. Naijua sauti yako katikati ya wanawake arubaini. Sijui wamekwambia nini, na nyumba ikitulia ukishaondoka nitakaa wapi, wala sitaki kulifikiria mpaka kesho kutwa.

Basi tukubaliane. Kesho baada ya swala ya alasiri wanaume watakaa barazani, na wengi wao ndio wale wa jamvini. Yule mzee naye nimemwalika, nimemtengea mahali pa mbele. Kabla ya khutba nitasimama niwaambie ya macho yangu, na kwamba pakacha la Hamad lilikuwa sawa na ambalo ningechuma mie kwa macho haya. Watacheka sana, maana nitalisimulia vizuri, siwezi kulisimulia vibaya hata nikitaka. Wewe huko ndani utakisikia kicheko. Kisha nitaingia nikuombe idhini ya kukuozesha.

Lakini najijua. Huenda nikasimama, nikaona nyuso zile, nikaingiza mzaha mwingine nikakaa. Sasa sikiliza. Wanawali wakiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwao huhesabiwa ndiyo. Wewe usinyamaze. Ikiwa nimeingia na hujasikia watu wakicheka huko nje, nikauliza, "Salma, nimuozeshe Hamad?", unijibu kwa sauti mpaka shehe asikie: "Bado, baba."

Nitajua maana yake. Nitarudi barazani niseme.

Ni mie baba'ko,
Faki